Vyombo vya Kupanda Navyo Karthala

Nimestaafu tangu mwezi uliopita, na tayari vijana wawili wa ghalani wamenipigia simu kuniuliza kwa nini kuna vijiko vya aina nne kwenye rafu moja. Badala ya kujibu kila simu nimeona niandike. Vyeo nilivyopewa mtavikuta kwenye faili langu, na mshahara hauna cha kusimuliwa. Nitaeleza vyombo na watu waliovitumia. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilizaliwa na kusomeshwa Unguja kabla wazazi wangu hawajarudi kwao Ngazidja, na mkono wangu haujawahi kuzoea kuandika lugha nyingine. Ninyi karibu wote mlisoma Dar es Salaam, kwa hiyo hamna kisingizio.

Nilianza kazi Moroni mwaka mmoja baada ya mamluki wa Kizungu kutua na kupindua serikali. Ofisi yetu ya upimaji ilikuwa na vyumba vitatu na ghala, umbali wa kutembea kidogo kutoka soko la Volo Volo. Kazi ya wapimaji ilikuwa kupanda Karthala, mlima wetu wa volkeno, na vyombo vyao vya kupimia, wakae huko wiki mbili ndani ya mahema, warudi na namba. Kazi ya ghala ilikuwa kuhakikisha wanakula. Nilidhani siku ya kwanza nitakabidhiwa daftari. Nilikabidhiwa wali wa jana.

Aliyenikabidhi alikuwa Fundi Msa, mpishi wa kambi, mtu wa Ikoni, aliyekuwa amepanda Karthala tangu enzi za Wafaransa. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia iliyoshonwa vizuri kuliko shati lake. Aliweka sufuria ya wali uliolala mbele yangu, akapanga vijiko sita pembeni.

“Chagua kimoja utakachokaa nacho siku kumi na nne,” alisema.

Nikachagua kilichong’aa. Akakichukua, akakichomeka katikati ya wali, akakandamiza kwa kidole gumba. Shingo ya kijiko ikajikunja kama mtu anayerukuu.

“Wali wa mlimani asubuhi ni mgumu kuliko huu,” alisema. “Chagua tena, mwanangu.”

Nilichagua mara nne kabla hajaridhika. Kilichobaki kilikuwa kijiko kibaya cha sura, cha chuma kisichoshika kutu, kinene shingoni, kimetobolewa tundu mwishoni mwa mpini. Tundu lile ni la kamba. Kamba ni ya shingoni mwa mwenye kijiko.

Nikamuuliza swali ambalo nadhani nanyi mmeshaliuliza kimoyomoyo: sisi sote tumelelewa tukila kwa mkono, vijiko vya nini? Akanijibu kwa kunipeleka nje kwenye madumu. Ngazidja haina mto. Mvua ikinyesha Karthala inazama kwenye mawe yaleyale iliyoyaangukia, na juu huko kila tone la maji limepanda mgongoni mwa mtu. Watu wanane wakinawa kabla ya kula na baada ya kula, mara mbili kwa siku, dumu moja linakwisha siku ya tatu, na hapo wapimaji wanashuka kabla ya kazi. Kijiko kinafutwa kwa jivu na jani. Kwa hiyo kijiko cha mlimani msikihesabu na vyombo. Kihesabuni na maji.

Mengine aliyonifundisha mwaka ule nitayataja kwa kadiri ninavyoyakumbuka, maana bado yana kazi. Bakuli ni bora kuliko sahani, kwa sababu mlimani mtu hula akiwa amechuchumaa kwenye mteremko, bakuli mapajani, na mchuzi haujali heshima ya mtu. Kikombe cha alumini kinaunguza midomo na kupoza chai kwa wakati mmoja, jambo ambalo sijui kinalifanyaje. Cha enameli ni kizito, na kikigongwa kinabanduka na kushika kutu pale pale, lakini mtu anaweza kukishika. Plastiki ya siku zile ilikuwa ikinyonya harufu ya mafuta ya taa kutoka kwenye jiko, na chai ya asubuhi ikawa na ladha ya taa. Sufuria ziwe tatu zinazoingiana, na katikati yake viwekwe vitambaa. Fundi Msa alisisitiza sana vitambaa. Siku zile za askari barabarani, mzigo unaolia chuma ulikuwa unafunguliwa zaidi ya mara moja.

Uma haufai. Mshauri wa kigeni aliyekuwa ofisini aliamini kwamba mtaalamu anapaswa kula kwa uma popote alipo, na barua aliyoniandikia kuhusu jambo hilo ilikuwa na aya tano. Nikanunua nane. Saba zilirudi safi kabisa. Ya nane ilikuwa imetumika kuzuia kamba ya hema, na mshauri mwenyewe, aliyekuwa amelala ndani ya hema hilo, alikiri kwamba ilishika vizuri.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa ndoo. Fundi Msa aliniomba chombo cha kubebea maji ya ukwaju, ambayo wapagazi waliyapenda kwa sababu yanakata kiu kwa kikombe kimoja. Dumu lilikuwa limepasuka. Nikaona ndoo ya bati jipya, nyeupe, nyepesi, yenye kifuniko, nikaipeleka kwenye lori bila kumwambia. Ukwaju ukakaa humo usiku na mchana. Watu watano walitapika mpaka wakashindwa kusimama, na kazi ya siku tatu ikapotea.

Fundi Msa alishuka nao, akapita ghalani akiwa bado na tope miguuni, akaweka ndoo mezani. Ndani yake palikuwa pamebadilika rangi mpaka usawa ambao ukwaju ulifika, kama mstari wa maji kujaa.

“Bati la namna hii lina ngozi ya zinki,” alisema. “Kitu kichachu kinaitoa ngozi hiyo, na mtu anainywa. Maji matupu, hapana neno. Ndimu, ukwaju, siki, achari, usivikutanishe nayo.”

“Bwana mkubwa wa ofisi amesema nini?”

“Ameuliza kama ni chakula changu.”

“Ukamwambiaje?”

“Nikamwambia nitaangalia.” Akakaa kitako. “Nimeangalia. Sasa wewe umejua, nami nimejua kwamba umejua. Yeye ana ramani zake.”

Nilikwenda kwa bwana mkubwa mwenyewe siku ile ile, nikamwambia ndoo ilikuwa yangu. Alinifokea kwa dakika kumi. Sikujuta. Nilikuwa sina mtoto bado, na kufokewa hakukunigharimu kitu. Nalitaja hili ili msije mkadhani nilikuwa mtu mwoga tangu mwanzo.

Miaka michache baadaye nilikuwa mke wa mtu, na mama wa mtoto wa miezi minne. Ndipo nilipoziona zile gamela.

Gamela ni neno la Kifaransa tulilolizoea: bakuli la kijeshi la alumini, lenye kifuniko kinachogeuka sahani na mpini unaokunjwa ubavuni. Hakuna chombo kilichofikiriwa vizuri zaidi kwa mtu anayetembea. Unapikia humo, unalia humo, unakifunga na kilichobaki, unatia mfukoni. Mwanamke niliyezoea kununua kwake vikombe pale Volo Volo alikuwa nazo kumi na mbili, amezitandaza juu ya kanga kuukuu. Nilizipindua. Chini ya kila moja palikuwa na mhuri wa namba na herufi, na juu ya mhuri msalaba uliochongwa kwa patasi.

“Zimetoka wapi hizi, dada?” nilimuuliza.

“Zimetoka chini,” alisema, akaonyesha kanga yake, tukacheka wote wawili.

Alikuwa na mdogo wake kwenye kambi ya askari, mmoja wa vijana wetu waliofundishwa na wale wazungu. Nililijua hilo. Nikanunua zote, nikaziandika daftarini, nikampa Fundi Msa. Alizigeuza, akatazama mhuri kwa muda.

“Nzuri mno,” alisema. Sikumsikiliza. Nilidhani ananisifu.

Safari ile haikuwa ya Karthala juu. Walikuwa wakielekea kusini kupima miteremko ya upande ule, siku sita za kulala nje. Waliondoka Jumatatu asubuhi kwa lori, wakapita Ikoni, na karibu na Vouvouni wakakuta kizuizi. Mpimaji kijana alirudi ofisini adhuhuri kwa miguu na kwa teksi, akatusimulia akiwa amesimama, hataki kukaa. Askari walifungua mizigo. Walipoona gamela wakaita mzungu wao. Mzungu akauliza ni za nani. Kabla mtu mwingine hajafungua mdomo Fundi Msa akasema ni zake, amezinunua mwenyewe. Wakamchukua.

Bwana mkubwa alifunga mlango wa chumba chake, tukabaki wawili.

“Zalihata, hizo gamela zimo kwenye daftari?”

“Zimo.”

“Kwa mkono wako?”

“Kwa mkono wangu.”

Akatazama dirishani. Hakuwa mtu mbaya. “Mpishi ameshasema ni zake,” alisema. “Ukienda wewe watakuwa na watu wawili badala ya mmoja. Nenda nyumbani ukamnyonyeshe mtoto. Wakimaliza kuuliza watamwachia.”

Nikaenda nyumbani nikamnyonyesha mtoto.

Jumanne nilikwenda kazini. Nilihesabu vikombe vilivyokuwa havihitaji kuhesabiwa. Nilifuta rafu, nikapanga vijiko kwa urefu, nikavipangua, nikavipanga kwa unene. Hakuna aliyeniuliza neno, na mimi sikumuuliza mtu neno. Mume wangu, mtu wa maneno machache, aliniambia jioni nifanye nitakavyoona. Nilimkasirikia kwa jibu hilo kwa muda wa mwaka mzima hivi.

Jumatano asubuhi nilimwachia mama mkwe mtoto, nikaenda kambini. Langoni alikuwapo sajenti, Mngazidja wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyewahi kuwa mwalimu.

“Unataka nini, mama?”

“Nimekuja kwa ajili ya mpishi wa upimaji. Vyombo vile nilinunua mimi.”

“Mwenyewe kasema ni vyake.”

“Kasema uongo. Mimi ndiye mtunza ghala. Yeye hanunui hata chumvi bila mimi.”

Akanitazama kana kwamba nimemletea kazi ambayo hakuihitaji, kisha akanipeleka ndani. Mzungu alikuwa amekaa nyuma ya meza, mikono ya shati imekunjwa, gamela zetu kumi na mbili zimepangwa mbele yake mistari miwili. Nilikuwa na Kifaransa kidogo cha risiti na vibandiko. Sajenti akatufasiria.

“Anauliza nani alikuuzia.”

“Mwanamke aliyetandaza chini sokoni.”

“Jina lake?”

“Sikumuuliza jina.”

Huo ulikuwa uongo, na nilimwona sajenti akiutambua kwamba ni uongo, akaufasiri kama nilivyousema.

“Anasema mwanamke huyo ana mtu wake ndani ya kambi hii.”

“Sijui ana nani.” Nikanyoosha mkono nikageuza gamela iliyokuwa karibu. “Mwambie aangalie juu ya mhuri. Kuna msalaba wa patasi. Mimi chombo kikichakaa nakifuta, nakitia alama ili kisirudi kikahesabiwa tena kama kizima. Hizi zimefutwa na mtu wa ghala lenu. Kilichofutwa kimetupwa. Sisi tumeokota.”

Sajenti alifasiri polepole. Mzungu akakwaruza msalaba kwa ukucha, akageuza nyingine, na nyingine. Akaita mtu. Akaja askari mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi na daftari kwapani, na nilipomwona tu nikajua ni mwenzangu: watunza ghala wote hushika daftari namna ile. Alitazama alama, akafunua kurasa, akasema maneno mawili. Akaondoka bila kunitazama.

Mzungu alisema jambo fupi. “Mpishi atatoka,” sajenti alinifasiria. “Vyombo vinabaki.”

Hakuomba radhi, nami sikuingoja.

Fundi Msa alitoka amevaa kofia yake, mkono wa kulia umefungwa kitambaa cha sufuria. Kile kitambaa nilikijua, nilikikata mimi. Siku ya Jumatatu, alipopandishwa kwenye lori lao, ubao wa nyuma ulifungwa vidole vyake vikiwa bado ukingoni. Hakuna aliyekusudia, alisema, na hakuna aliyetazama. Nikampeleka hospitali. Daktari alifungua kitambaa, akavibonyeza vidole kimoja kimoja.

“Mkono huu ni wa lini?”

“Juzi.”

“Ungeletwa juzi ningevinyoosha,” daktari alisema. “Hata jana. Leo vimeshavimba na kushikana. Nitajitahidi.”

Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Nililisikia lile neno “jana” vizuri sana.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini alisema ni zake.

“Una mtoto anayenyonya,” alisema. “Mimi wanangu wana meno.”

Vidole vitatu havikukunjika tena. Fundi Msa akabaki kwao Ikoni, na ofisi ikachukua mpishi mwingine ambaye jina lake nitaliacha, kwa kuwa alichoma kila kitu isipokuwa maji. Mimi baada ya miezi miwili nilipelekwa Mutsamudu kuanzisha ghala la timu ya kisiwa cha Ndzuani. Bwana mkubwa alisema ni kwa faida yangu. Nadhani alisema kweli, na nadhani pia hakupenda kuniona kila asubuhi.

Kabla ya kuondoka nilimtembelea Fundi Msa. Mkewe alikuwa akimlisha. Nilipoingia, Fundi akasukuma sahani pembeni na kusema ameshashiba. Niliiona sahani: ilikuwa haijafika nusu. Nikaomba unga kidogo kwa mkewe, nikaukanda, nikamwambia Fundi aushike kwa mkono wa kulia kama anavyoweza. Alinitazama kama anavyotazama mchele wenye mawe, lakini akaushika. Nikauacha ukauke juani, nikaufunga kwenye kanga, nikaupakia kwenye meli pamoja na mizigo ya ofisi. Jambo la Jumanne sikulitaja. Nilikuwa nimekwenda ili nilitaje.

Mutsamudu ilinifundisha kazi upya. Ghala lilikuwa chini ya nyumba ya mawe, kwenye kichochoro ambacho mtu mwenye sufuria kubwa kichwani lazima asubiri mwenzake apite. Watu walicheka Kingazidja changu, kisha wakacheka zaidi niliposema Kiswahili. Na vijiko vyangu havikuwa na maana. Ndzuani ina mito, na wapagazi wakifika kwenye maji wananawa, wanakula kwa mkono na kuendelea. Niliwapa vijiko ishirini safari ya kwanza, vikarudi ishirini, vikiwa bado na kamba zangu nilizofunga, hata fundo halijaguswa. Huko adui ni unyevu: miiko ya mti inaota ukungu kwa siku nne, na kisu kikisahauliwa nje kinaamka chekundu. Ndiyo maana rafu ina vijiko vya aina nne. Viwili ni vya Ngazidja, kimoja ni cha Ndzuani kwa ajili ya uji tu, kwa sababu uji hauliki kwa mkono popote duniani.

Cha nne, kile chenye shingo iliyopinda ambacho mwenyewe alikiacha ghalani, ndicho ninachotaka kukieleza.

Mutsamudu palikuwa na fundi aitwaye Saindu, aliyekuwa akitengeneza mitambo ya kukenekea mafuta ya langilangi. Alikuwa mtu mnene, na karakana yake yote ilinukia maua kiasi cha kuumiza kichwa. Kiswahili alikijua kwa sababu alikaa Unguja ujanani. Nilimwekea unga wangu mkavu mezani.

“Huu ni mkate gani, Bi Zalihata?”

“Ni mkono. Nataka kijiko kitakachokaa humo.”

Akaugeuzageuza. Akatia vidole vyake kwenye mashimo ya vidole vya Fundi Msa, akajaribu kukunja, akaona havikunjiki.

“Mtu huyu kifundo chake kinageuka?”

Sikuwa nimeliangalia hilo. Nilifikiri. “Kidogo. Hakifiki mdomoni.”

“Basi kijiko kiende mdomoni chenyewe.”

Alichukua kijiko cha chuma, akakata mpini, akapinda shingo kuelekea kushoto, ili mtu asiyeweza kugeuza mkono aweze kula akiwa ameunyoosha. Mpini aliufanya wa mti wa mpera, mnene kama hindi changa, umechimbwa mahali pa kila kidole kwa kufuata unga. Nilimwambia mti utaota ukungu. Akaniuliza mgonjwa anakaa wapi. Nikasema Ikoni. “Huko mtaota ukungu nyinyi kabla ya huu mti,” alisema, akaupaka mafuta. Kazi ilichukua wiki tatu kwa sababu alikuwa akiifanya baada ya kazi zake. Alikataa malipo. Alisema hajawahi kuagizwa kitu cha kufikirisha na watu wa langilangi.

Nilikipeleka likizo yangu ya kwanza. Fundi Msa alikuwa amekaa barazani. Nilimwamkia kwa heshima ya kwetu, “Kwezi, Fundi,” akaitikia, “Mbona.” Mkewe akaleta wali na mchuzi wa samaki, nikakitoa kijiko, nikamtia mkononi. Kikakaa. Alikitazama kwa muda, akachota, akafikisha mdomoni bila kumwaga, akachota tena. Mkewe akaingia ndani haraka na hakutoka kwa kitambo.

Hapo nikasema. Nilisema nikiwa natazama bakuli.

“Fundi, nilipata habari zako Jumatatu adhuhuri. Jumanne nilikuwa ghalani. Nilihesabu vikombe. Nilikuja Jumatano.”

Aliendelea kula.

“Daktari alisema hata jana yake.”

“Nilimsikia daktari. Nilikuwapo.” Akameza. “Yule sajenti aliniambia Jumanne jioni kwamba hakuna aliyekuja. Nikahesabu na mimi. Nilikasirika, mwanangu. Nilikasirika sana, usidhani sikukasirika. Nilikaa na hasira mpaka mfungo wa Ramadhani.”

“Na sasa?”

Alimaliza wali wote, akakwangua bakuli kwa ile shingo iliyopindwa, akakiinua kijiko akakipima mkononi.

“Kizito,” alisema. “Mwambie fundi wako apunguze huku mwisho.”

Nikasema nitamwambia. Akaniuliza mimi nimekuja Moroni kufanya nini zaidi ya kumletea kijiko. Nikamwambia bwana mkubwa amenipa orodha ya safari ya Karthala ya mwezi ujao niikague, kwa kuwa mtunza ghala mpya hajui kitu. Akaniambia niisome.

Nikaisoma. Sufuria tatu. Akauliza kama zinaingiana. Mabakuli tisa ya enameli. Akasema mawili yanabanduka, anayajua, yatolewe. Ndoo moja. Akauliza ya nini, nikasema ya plastiki, akatikisa kichwa kukubali. Visu viwili, upawa mmoja, vijiko tisa vyenye kamba. Vitambaa havikuandikwa, akaniambia nivitie. Nilivitia. Nikafika chini kwenye majina ya watu: wapimaji wawili, msaidizi, wapagazi watano. Nikakunja karatasi.

“Hujamaliza,” alisema.

“Pamebaki pa mpishi. Pako wazi. Yule mwingine amefukuzwa.”

“Kalamu unayo?”

“Ninayo.”

“Mwiko nitashika kwa kushoto,” alisema Fundi Msa. “Andika Msa.”